Majini Wanaosema Kiswahili

Katika gemu ya Resident Evil 5 kuna mdudu mwenye mabawa anayeitwa Kipepeo. Anachomoza kutoka mwilini mwa mtu, na kazi yake ni kukuua. Kuna popo mkubwa kama gari anayeitwa Popokarimu. Kuna kiumbe mfano wa buibui, kinachorukia watu, kinaitwa Bui Kichwa. Watu walioingiwa na vimelea wanaitwa Majini, na mji wanaoishi unaitwa Kijuju. Mchezaji wa Osaka au Chicago huenda anayasikia majina haya kama sauti za mbali zenye kutisha. Sisi tulipoyasoma kwenye skrini kwa mara ya kwanza, kwenye banda la gemu pale Maganzo, tulicheka hadi mwenye banda akatishia kuzima mashine. Popo karimu! Mkarimu wa nini? Anagawa nini?

Kwa asiyecheza, nieleze kidogo. Resident Evil ilianza mwaka 1996 huko Japani, kazi ya kampuni ya Capcom. Ni gemu ya kuogofya ambayo lengo lako kubwa ni kubaki hai: risasi chache, nafasi ndogo ya kubebea vitu, na jumba lililojaa wafu wanaotembea. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye kona ya chumba, kama zile za ulinzi madukani, kwa hiyo unasikia nyayo za kitu usichokiona. Mwaka 2005 toleo la 4 likaileta kamera nyuma ya bega la mhusika, likawaacha wafu na kutuletea wanakijiji wa Hispania waliotawaliwa na vimelea. Mwaka 2009 la 5 likaihamishia hadithi Afrika, kwenye jua kali la mchana, na kumpa shujaa wake, Chris Redfield, mwenzake wa kike aitwaye Sheva Alomar. Mwaka 2012 la 6 likazidisha milipuko. Mwaka 2017 la 7 likarudi kwenye nyumba chakavu yenye giza, safari hii ukiona kwa macho ya mhusika mwenyewe.

Kila toleo likitoka, mashabiki hugawanyika kama wanaukoo kwenye kikao cha mirathi. Hili si lile tulilolipenda, mmeliharibu. Hapana, ninyi mmezeeka, mambo lazima yabadilike.

Ubishi huo ulitufikia sisi ukiwa umechelewa. Kwetu ni Songwa, kata ya wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, jirani kabisa na mgodi wa almasi wa Mwadui, ule ambao Mkanada John Williamson aligundua almasi yake mwaka 1940. Maganzo ndiyo senta yetu: barabara ya kwenda Mwanza inapita hapo, wanunuzi wa mawe wanakaa hapo, na vijana wenye hela ya leo na wasio na hela ya kesho wanakutana hapo. Dunia ilipokuwa inabishana kuhusu la 5, sisi tulikuwa bado tunacheza la 4 kwenye PS2 kwa diski za kuchoma. PS3 ya kwanza niliyoiona kwa macho iliingia Maganzo mwaka 2013. Mwenye banda aliinunua mkononi kwa mtu, Mwanza. Nusu saa ilikuwa shilingi 500, na foleni ya wacheza mpira ilikuwa ndefu, kwa hiyo sisi wa gemu za kutisha tulipewa saa za usiku, baada ya mechi kuisha.

Tulikuwa watano sita tusiokosa. Fundi simu, ambaye toleo la 4 alilijua kama kiganja chake. Binamu yangu, aliyekuwa anachekecha mchanga wa almasi mchana na usiku anashika pedi kwa vidole vyenye sugu. Mwalimu wa kujitolea wa shule ya msingi. Wengine walikuja na kuondoka. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo, Dodoma, na nilikuwa na tabia ya kusoma kila kitu kuhusu gemu kabla sijaicheza.

Fundi simu ndiye aliyefungua kesi. "Gemu gani ya kutisha inachezwa saa saba mchana? Jua limewaka, mtu unamwona anakuja toka mita hamsini. Hofu iko wapi hapo?"

"Hofu ni kwamba ni wengi," mwalimu akamjibu.

"Wengi hata sokoni wapo, Mwalimu."

Halafu tukaja kwenye suala la Sheva. Hili lilikuwa badiliko kubwa kuliko yote, kwa sababu safari nzima ya Chris ni ya watu wawili. Kila mmoja ana nafasi 9 tu za kubebea vitu, mmoja akianguka mwenzake amwahi, na ukifungua mfuko wako kutafuta dawa dunia haisimami kukusubiri kama ilivyokuwa kwenye la 4. Fundi simu alisema wawili hawaogopi: hata makaburini, ukiwa na mwenzako, mtapiga stori na kupita. Binamu yangu alisema hajui anachosema. Ukicheza peke yako na Sheva akaendeshwa na mashine, hiyo ndiyo hofu yenyewe, maana anazimaliza risasi na kukutumia dawa ukiwa umekwaruzwa tu. Kwa upande wa mwenye banda, mjadala ulikuwa umeisha zamani. Skrini ikigawanyika mara mbili, wanaolipa ni wawili.

Ubishi huu ungeweza kufanyika popote duniani, na ulifanyika. Magazeti ya gemu ya Marekani na Uingereza yaliandika mambo yale yale: mwanga umeua hofu, mwenza ameua upweke, bunduki zimekuwa nyingi. Capcom wenyewe walitoa kipande cha nyongeza mwaka 2010 kilichowarudisha wachezaji ndani ya jumba lenye giza, kana kwamba wanasema tumewasikia. Lakini usiku wa tatu au wa nne binamu yangu aliweka pedi chini na kusema jambo ambalo sijalisoma kwenye gazeti lolote.

"Hawa mbona nawaelewa?"

Alikuwa amezingirwa kwenye uwanja wa mji, watu wakitoka kila mlango na mapanga na mashoka, na wote walikuwa wanapiga kelele kwa Kiswahili. Lafudhi ilikuwa ngeni na maneno mengine yalipotea kwenye vurugu, lakini kilikuwa Kiswahili. "Jamaa akinipigia kelele," binamu akasema, "nataka kumjibu kwanza."

Tulicheka. Lakini ndilo badiliko kubwa kuliko kamera, kuliko jua, kuliko Sheva. Kwenye la 4 wanakijiji walisema Kihispania. Wanaokijua walibaini mapema kwamba lafudhi ni ya Amerika ya Kilatini na si ya kijiji cha Hispania, wakakerwa. Kwetu Kihispania kilikuwa kelele tu, sehemu ya muziki wa kutisha. Kumbe hofu ya gemu hizi inategemea usielewe. Adui akishakuwa na sentensi, anakuwa na jambo. Na sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, tukisubiri mkalimani kama Lufufu atutafsirie filamu ya Kihindi au ya Kichina, kwa mara ya kwanza tulipewa hadithi ya kigeni isiyohitaji mkalimani, tukakuta sehemu tuliyopangiwa kusema ni ya wale wanaopigwa risasi.

Nje ya kwetu jambo hili lilizua mjadala kabla gemu haijatoka. Kionjo cha mwaka 2007 kilimwonyesha mzungu mmoja mwenye bunduki katikati ya umati wa weusi, na mwaka 2008 mwandishi wa Newsweek, N'Gai Croal, alisema wazi kwamba picha zile zinabeba historia ambayo watengenezaji hawakuitafakari. Gemu ilipotoka, Majini walikuwa wa rangi mchanganyiko kidogo. Kijuju, hata hivyo, ni eneo la kubuni lililowekwa Afrika Magharibi, na Afrika Magharibi hawasemi Kiswahili. Mbele zaidi kuna watu wanaoitwa Ndipaya, wanaoishi kwenye mabwawa, wamevaa majani na vinyago, wanarusha mikuki. Fundi simu alipowaona aliuliza kama hao ni wa sinema ya mwaka 1950.

Mwalimu alitetea kidogo. Aliokota ndani ya gemu shajara ya kijana mmoja wa kijiji hicho, akatusomea kwa sauti huku akitafsiri. Kijana anaeleza jinsi watu wa visima vya mafuta walivyokuja na sindano wakisema ni kinga, na jinsi wanaume walivyoanza kubadilika baada ya hapo, wakavaa mavazi ya kale na kuwa wakali. "Kwa hiyo hawakuwa hivi," mwalimu akasema. "Kuna mtu aliwafanya hivi." Banda zima likanyamaza kidogo. Watu wanaokaa kando ya uzio wa mgodi hawahitaji maelezo marefu kuhusu kampuni inayokuja na ahadi.

Sasa niseme kwa nini ubishi huu haujawahi kuwa mchezo kwangu.

Kwenye toleo la 4, wanakijiji walioingiwa na vimelea wana alama moja: gizani macho yao yanang'aa mekundu. Ukiona macho mekundu, piga. Usiku mmoja tulirudi kwenye la 4 ili tulinganishe, na mgeni mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi, hata simkumbuki sura, alisema kwa utani, "Hao si ndio vibibi vyetu vya Usukumani." Wengine walicheka. Binamu yangu hakucheka, wala mimi.

Bibi yetu alikuwa na macho mekundu. Alipika maisha yake yote kwenye kibanda kisicho na dirisha, kwa kuni za mbichi na, mwaka wa njaa ya kuni, kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi ule unachoma macho taratibu, miaka arobaini, hadi yanabaki na rangi hiyo. Shinyanga nzima ilikuwa na bibi wa namna hiyo. Na Shinyanga nzima ilijua maana iliyopewa rangi hiyo: mchawi. Mtoto wa jirani akafa kwa homa, mtu akaenda kwa mganga kupiga ramli, na asubuhi moja bibi akakuta karatasi imesukumwa chini ya mlango, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, ikimpa siku saba. Nilikuwa darasa la tano. Baba mdogo alikuja na pikapu ya kukodi usiku uleule, tukampakia bibi na magunia mawili ya mtama na kuku wake, tukampeleka Shinyanga mjini. Hakurudi kuishi Songwa. Wengine wengi kanda yetu hawakupata karatasi ya kuwaonya, wala pikapu.

Mwaka 2009, gemu yetu inatoka, ulikuwa mwaka wa giza kanda ya ziwa. Watu wenye ualbino walikuwa wanauawa kwa sababu kuna waliodanganywa kwamba viungo vyao vinaleta utajiri, dhahabu, samaki. Januari mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa kienyeji. Septemba, Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto wa kiume mwenye ualbino. Haya hayakutokea Kijuju. Yalitokea kwenye barabara tunazopita na basi.

Ndiyo maana ule ubishi wa fundi simu, kwamba gemu haitishi, mimi niliusikia kwa sikio jingine. Gemu za namna hii zina ahadi moja ambayo hakuna anayeitaja: ishara haidanganyi. Mwenye macho mekundu kweli ameingiwa. Jirani aliyebadilika kweli amebadilika, hakuna dawa, na kumuua ni kazi ya lazima, karibu ni huruma. Mchezaji hapewi nafasi ya kukosea. Ramli ya mganga inatoa ahadi ile ile: kidole kikishamwangukia mtu, hakuna tena cha kuuliza. Tofauti ni kwamba upande mmoja anayeanguka ni picha, na upande wa pili ni bibi wa mtu anayeota moto wa kinyesi.

Hata mazimwi yetu ya kienyeji yana maana tofauti na ya Capcom. Zombi wao anauma, na ukiumwa unakuwa kama yeye. Msukule wetu haumi mtu. Anasemekana kuwa ni mtu aliyezikwa kumbe hakufa, kachukuliwa na tajiri fulani, analima shamba lake usiku bila ujira. Ukisikiliza vizuri hadithi za misukule na za ndagu zinazosimuliwa kwenye machimbo kuanzia Kishapu hadi Geita, zote zinauliza swali moja: huyu kapataje mali na jasho la nani? Ni swali zuri. Ubaya ni kwamba mara nyingi linaishia kwa kikongwe asiye na mali yoyote.

Lakini nisiwe kama mchungaji. Gemu ile niliipenda, na naipenda hadi leo. Nitataja sehemu mbili.

Ya kwanza ni dakika chache za mwanzo. Chris anaingia mjini na bado hakuna anayemshambulia. Anapita mitaani, watu wamesimama milangoni, wanaume kadhaa wanapiga teke kitu ndani ya gunia, na gunia linasogea. Wanamtazama. Hawasemi kitu. Ukigeuka nyuma, wamepotea wote. Hakuna risasi hata moja, jua linawaka, na ndiyo sehemu iliyonitisha kuliko zote. Fundi simu alisema hapo hakuna gemu, ni kutembea tu. Mimi niliona senta ambayo imeshaamua jambo kuhusu mtu, na yeye hajaambiwa.

Ya pili ni mgodini. Chris na Sheva wanaingia kwenye machimbo yenye giza nene, na kuna taa moja tu. Anayebeba taa hawezi kupiga risasi. Anayepiga hawezi kuona bila mwenye taa. Binamu yangu alichukua taa bila kuulizwa, akaanza kumwongoza fundi simu kwa sauti ya chini kabisa: mguu wa kushoto, simama, ukuta, wawili wanakuja, subiri nigeuke. Alikuwa ameshafanya kazi kwenye duara za dhahabu upande wa Geita kabla ya kurudi kwenye mchanga wetu, na alijua sauti ya kumwongoza mtu chini ya ardhi ikoje. Hapo hakuna aliyesema tena kwamba wawili hawaogopi. Ukiwa na mwenzako gizani unaogopa mara mbili, kwa ajili yako na kwa ajili yake. Mwenye banda alisahau kutudai nusu saa iliyozidi.

Mwaka 2023 Capcom walilitoa upya toleo la 4. Walibadilisha mengi: sasa unaweza kutembea huku umelenga, kisu kinazuia shoka lakini nacho kinachakaa, na binti unayemlinda hana tena kipimo chake cha uhai cha kukuhangaisha. Tangu hapo mashabiki wana swali moja: je, la 5 nalo litengenezwe upya, na likitengenezwa, libadilishwe nini? Wapo wanaosema liachwe lilivyo. Wapo wanaosema lisiguswe kabisa, ni aibu, lifukiwe. Wapo wanaotaka hadithi ihamishwe Afrika nzima-nzima, iende kwingine, ili pasiwe na maneno. Kundi letu limetawanyika, fundi simu yuko Kahama, mwalimu amepata ajira Simiyu, lakini swali hili limeturudisha kwenye simu kila mara, na kama kawaida hatukubaliani.

Fundi simu, mzee wa la 4, anataka giza lirudi na Sheva apunguzwe. Mwalimu anataka Ndipaya waondolewe pamoja na yale mavazi yao, na lile vazi la ziada la "kikabila" alilovalishwa Sheva, ambalo halijawahi kuvaliwa na kabila lolote tunalolijua. Binamu anataka mgodi uwe mrefu mara tatu.

Mimi nataka kitu kimoja, nacho kinawashangaza. Nataka Kiswahili kibaki. Kuna wanaodhani kukitoa ndiyo heshima, kwamba tukiacha kusikika kwenye vinywa vya Majini tutakuwa tumesafishwa. Sioni hivyo. Wakikitoa, adui atarudi kuwa kelele, na kelele ni rahisi kuipiga risasi. Nataka wakiweke vizuri. Watafute watu wanaokisema nyumbani, wawape sentensi zenye maana. Mama anayeuza nyanya aseme bei zake kabla hajaingiwa. Baada ya kuingiwa, sauti ibaki ile ile, na katikati ya ukali ateleze neno moja la jana, jina la mwanawe, salamu. Mchezaji asiwe na hakika. Ashike pedi na kusita nusu sekunde, ajiulize kama huyu kweli si mtu tena.

"Gemu hiyo hainunuliki," fundi simu ameniandikia. "Watu hawalipi hela ili wasite."

Nimemjibu kwamba sisi tulilipa shilingi 500 kwa nusu saa, na binamu yake mwenyewe wa mgodini aliweka pedi chini. Bado hajajibu. Bibi alifariki mwaka 2019 mjini Shinyanga, usingizini, kitandani kwake, na macho yake hadi mwisho yalikuwa mekundu.